Uganda: Kwa nini watazamaji wa ndege huingia msituni wakiwa wachache

Uganda ni nchi ndogo ikilinganishwa na majirani zake kama Kenya, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo, ndani ya mipaka yake wamerekodiwa ndege wa aina zaidi ya 1,000, takriban nusu ya aina zote zinazojulikana barani Afrika. Kwa sababu ya utajiri huo, kila mwaka wageni kutoka Ulaya, Amerika Kaskazini na kwingineko husafiri kwa wiki mbili au tatu, kutoka mwambao wa Ziwa Victoria hadi milima ya kusini-magharibi, wakiongozwa na wenyeji wanaozijua sauti za msitu kama mtu ajuavyo sauti za majirani zake.

Wageni hao huenda kwa makundi madogo, aghalabu yasiyozidi watu wanane. Mtu wa mbali anaweza kudhani kuwa huko ni kutafuta starehe ya wenye fedha. Ukweli ni kwamba msitu wenyewe ndio uliowawekea kikomo hicho, na namna utalii huu unavyoendeshwa inagusa mambo mawili mazito: uhai wa misitu ya mvua iliyobaki Afrika Mashariki, na riziki ya watu wanaolima kandokando yake.

Nchi moja, makazi mengi

Wingi wa ndege nchini Uganda unatokana na mahali nchi hiyo ilipo. Nyika za Afrika Mashariki zinaingia kutoka mashariki na kaskazini. Msitu mkubwa wa bonde la Kongo unaingia kutoka magharibi. Kati yake yamo maziwa, mito na vinamasi vya mafunjo. Kimo cha ardhi nacho hubadilika mno: kutoka mita zipatazo 600 juu ya usawa wa bahari kando ya mto Nile, kaskazini-magharibi, hadi mita 5,109 kwenye kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori. Kila kimo kina mimea yake, na kila aina ya mimea ina ndege wake.

Misitu yenyewe haifanani. Semuliki, yenye kilomita za mraba 220 kwenye mpaka na Kongo, ni msitu wa bondeni wenye joto na unyevu, na humo huonekana ndege wengi wa Kongo ambao ni vigumu kuwapata mahali pengine popote Afrika Mashariki. Budongo, karibu na mji wa Masindi, ni msitu wa mikangazi ambayo ilivunwa kwa mbao tangu enzi za ukoloni. Kibale, karibu na Fort Portal, unajulikana duniani kwa sokwe wake. Mabira upo kati ya Kampala na Jinja, na barabara kuu ya kwenda Kenya inaukata katikati. Bwindi, katika pembe ya kusini-magharibi, ni msitu wa milimani unaopanda hadi zaidi ya mita 2,600, na ndimo waishimo karibu nusu ya sokwe wakubwa wa milimani, yaani gorila, waliobaki duniani.

Kwa hiyo mtazamaji wa ndege hawezi kukaa mahali pamoja akaridhika. Safari yake ni mnyororo wa misitu, na katika kila msitu orodha ya ndege hubadilika.

Mtumbwi wa Mabamba

Makundi mengi huanza safari si msituni bali majini, katika kinamasi cha Mabamba, magharibi mwa Entebbe. Huko wageni hupanda mitumbwi inayobeba watu wachache tu na kupenya katika mifereji myembamba kati ya mafunjo, wakimtafuta korongo-nyangumi, ambaye wazungumzaji wa Luganda humwita bulwe. Ndege huyu wa rangi ya kijivu, ambaye kimo chake huzidi mita moja, ana mdomo mpana mfano wa kiatu cha mbao. Anaweza kusimama saa nzima bila kutikisika, akisubiri kamongo apande juu ya maji kuvuta pumzi.

Kisa cha Mabamba hueleza mengi kuhusu utalii huu kwa jumla. Zamani wavuvi wa hapo walimchukia bulwe. Waliamini kuwa mvuvi akikutana naye asubuhi, siku hiyo hatapata samaki, na kwa hiyo walimuua au kumfukuza. Chuki hiyo ilikuwa na chembe ya mantiki, kwa kuwa ndege na binadamu walikuwa wakiwinda kamongo yuleyule. Utalii ulipoanza, wavuvi wakaona kuwa mgeni hulipa ili apelekwe kwa mtumbwi kumtazama ndege ambaye wao walimfukuza bure. Baadhi yao wakawa waongozaji. Mwaka 2006 kinamasi hicho kikaingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Leo asiyetaka bulwe asumbuliwe ni yuleyule mvuvi, kwa kuwa ndege huyo akihama, mtumbwi hauna abiria.

Sikio kwanza, jicho baadaye

Kinamasini ndege huonekana kwa mbali. Msituni mambo hugeuka. Miti mirefu hufikia mita 30 au 40, majani yake hufunika anga, na mwanga unaofika chini ni hafifu. Ndege wengi wa msituni ni wadogo, wana rangi za kijani au hudhurungi, na hukaa kimya pale wanapohisi nyayo. Mgeni mwenye darubini ya bei kubwa anaweza kutembea kutwa nzima asione zaidi ya majani yanayotikisika.

Ndiyo maana mwongozaji hutangulia kwa sikio. Huutambua mlio, hukadiria umbali na kimo chake, kisha huwaonyesha wageni tundu dogo kati ya majani ambalo kupitia kwake tawi fulani linaonekana. Hapo ndipo hesabu ya watu inapokuwa na maana. Tundu hilo huonekana kutoka mahali pamoja tu kwenye njia. Watu sita wanaweza kusogea kwa zamu, mmoja mmoja, kabla ndege hajaruka. Watu 15 hawawezi. Wa nyuma watakosa, watasukumana, watauliza kwa sauti, na ndege ataondoka kabla ya nusu yao kumwona. Katika njia nyembamba, kundi kubwa hukanyaga pia mimea ya pembeni, na mkia wake hauyasikii maelezo ya aliye mbele.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa pita mwenye kifua cha kijani, katika msitu wa Kibale. Ndege huyu mwenye tumbo jekundu na madoa ya buluu mbawani hutembea ardhini juu ya majani makavu, na licha ya rangi zake hupotea machoni kirahisi. Nafasi nzuri ya kumpata ni alfajiri katika majira yake ya kutafuta mwenzi, ambapo dume huruka ghafla kutoka kwenye tawi na kutoa mlio mfupi wa kuguguma. Kundi huingia msituni gizani, hukaa kimya na kusubiri. Mlio ukisikika, kila mtu hutembea taratibu kuufuata. Kukicha, pita hunyamaza, na anayemtafuta baada ya hapo hutegemea bahati.

Kuna pia ishara ambazo haziandikwi katika vitabu vya picha vya wageni. Mwongozaji akiona msafara wa siafu unavuka njia, husimama. Siafu wakisambaa chini ya majani, panzi, buibui na mende hukimbia ovyo kuokoa maisha yao, na ndege kadhaa wa msituni hufuata msafara huo ili kuwadaka. Mkulima humwona siafu kuwa adha, lakini kwa mwongozaji siafu ni mlango wa kuwaona ndege ambao siku nyingine hawaonekani kabisa.

Siku hizi simu ya mkononi inaweza kubashiri jina la ndege kwa kusikiliza mlio wake, na wageni wengi huingiza orodha zao katika eBird, hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani ambayo watafiti huitumia kufuatilia mienendo ya ndege duniani. Lakini simu haijui kwamba mti fulani wa mkuyu umeanza kuzaa wiki hii, wala kwamba kiota cha mwaka jana kilianguka kwa mvua. Maarifa hayo yamo kwa mtu aliyepita njia hiyo jana na juzi.

Sauti ya kukopa

Ipo njia ya mkato, na ni hapo heshima ya mwongozaji hupimwa. Ndege asipojitokeza, inawezekana kumchezea mlio uliorekodiwa wa ndege wa aina yake. Dume akiusikia hudhani kuwa mpinzani ameingia katika himaya yake, na hutoka mafichoni ili kumfukuza. Mgeni hupiga picha na kufurahi.

Kwa ndege gharama ipo. Wakati anaotumia kumtafuta mpinzani asiyekuwapo ni wakati aliopaswa kula, kulisha makinda au kulinda kiota. Akifanyiwa hivyo mara moja, huenda lisiwe jambo kubwa. Lakini katika njia inayopitiwa na makundi kila siku, ndege yuleyule huchokozwa asubuhi, mchana na jioni. Wapo wanaozoea na kuacha kuitika. Wapo wanaoweza kulihama eneo. Waongozaji wenye weledi hucheza mlio kwa sekunde chache, kwa sauti ya chini, na huacha kabisa karibu na kiota au kwa ndege aliye nadra.

Tatizo ni kwamba mwongozaji huyo anategemea bakshishi ya mgeni aliyevuka bahari akiwa na orodha mkononi. Mgeni akisisitiza, kukataa kunahitaji ujasiri. Kundi dogo husaidia pia kwa upande huu: ni rahisi zaidi kuwaeleza watu sita kwa nini spika inazimwa, kuliko kulituliza kundi la watu 20 lililokwisha kunung'unika.

Kushuka Mubwindi

Hakuna mahali ambapo mambo haya yote hukutana kama Bwindi, hifadhi ya kilomita za mraba 331 iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1994. Wageni wengi huijua kwa gorila. Watazamaji wa ndege huenda Ruhija, upande wa juu wa msitu, na kutoka hapo huteremka kwa miguu hadi kinamasi cha Mubwindi, kisha hupanda mlima uleule kurudi. Ni matembezi ya kutwa nzima. Askari wa hifadhi mwenye silaha hufuatana nao, si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya tembo wa msituni, ambao hutishwa kwa risasi ya hewani wakikaribia mno.

Wenyeji wana masimulizi yao kuhusu kinamasi hicho. Inasimuliwa kuwa familia moja iliyokuwa ikihama kutoka kusini ilishindwa kuvuka, na mizimu ya maji ikadai binti yao, Nyinamukari, awe kafara ndipo wengine wapite. Jina la mahali hapo, Mubwindi bwa Nyinamukari, linabeba kumbukumbu ya giza hilo, na kutoka kwake ndipo msitu mzima ukaitwa Bwindi. Kwa vizazi vingi simulizi hilo liliwafanya watu waogope kuingia.

Anayetafutwa huko ni ndege mdogo kuliko shomoro, mwenye rangi ya kijani na koo la samawati, anayeitwa domopana wa kijani. Alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1909. Hadi leo anajulikana katika Bwindi na katika baadhi ya milima ya mashariki mwa Kongo tu. Kwa kuwa usalama wa milima hiyo ya Kongo umekuwa wa mashaka kwa miaka mingi, njia ya Mubwindi imekuwa mahali pa kutegemewa zaidi pa kumwona. Maana yake ni kwamba karibu kila mgeni anayemtaka ndege huyu hupita katika njia moja, chini ya miti ileile. Kiota chake, fungu la kuvumwani linaloning'inia tawini, kikionekana, habari husambaa miongoni mwa waongozaji haraka. Hapo umbali wanaosimama, muda wanaokaa na idadi yao ndivyo huamua kama makinda yatafikia kuruka.

Ndege wanaopanda miti

Umuhimu wa ndege msituni hauishii katika kutazamwa. Hondohondo na shorobo humeza matunda mazima, huruka mbali, na kuzitoa mbegu mahali ambapo mti mama usingefika. Miti mingi ya msitu wa mvua hutegemea matumbo ya ndege, popo na nyani ili kuenea. Msitu uliopoteza ndege wanaokula matunda unaweza kuonekana mzima kwa miaka mingi, huku ukizeeka bila warithi.

Hondohondo naye anautegemea msitu mkongwe. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa matope hadi ubaki ufa mwembamba ambao dume hupitishia chakula kwa muda wote wa kutaga na kulea. Tundu la namna hiyo halipatikani kwenye mti mchanga. Mpasua mbao akiteua mti mnene kuliko yote na kuiacha mingine, msitu utaonekana umebaki, lakini nyumba ya hondohondo imekwenda.

Kwale wa Nahan, ndege wa ardhini anayepatikana Uganda na Kongo peke yake, anaishi Budongo na Mabira. Mwaka 2007 Mabira nusura ipoteze karibu robo ya eneo lake. Serikali ilikuwa na mpango wa kutoa hekta zipatazo 7,100 za hifadhi hiyo zigeuzwe mashamba ya miwa. Maandamano yalizuka Kampala mwezi Aprili mwaka huo, yakageuka vurugu, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Baadaye mwaka huohuo mpango ukaachwa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa na watetezi wa msitu, pamoja na mvua na maji ya mito inayoingia Ziwa Victoria na Nile, ilikuwamo hii: msitu uliosimama unaweza kuingiza fedha kila mwaka kupitia wageni. Mzozo kama huo umejirudia baadaye katika msitu wa Bugoma, magharibi mwa nchi, ambako pia miwa na miti hugombania ardhi moja.

Hoja ya utalii ina nguvu, lakini ina sharti. Inamshawishi mwanakijiji endapo tu fedha hizo zinamfikia.

Nani hupata nini

Sheria ya Uganda inataka asilimia 20 ya ada za kiingilio katika hifadhi za taifa irudishwe kwa jamii zinazozizunguka. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na barabara ndogo. Hata hivyo, hupitia kwa serikali za mitaa na hugawanywa kwa watu wengi, hivyo mkulima ambaye mahindi yake yamelika usiku mmoja na tembo au nyani huenda asione uhusiano kati ya hasara yake na darasa lililojengwa tarafa nyingine. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka msingi wa kulipa fidia kwa hasara kama hizo, hatua iliyokuwa ikidaiwa kwa muda mrefu.

Sehemu kubwa ya fedha anazolipa mgeni haifiki msituni kabisa. Hubaki kwa kampuni ya safari, kwenye gari, mafuta na hoteli. Kinachobaki kijijini ni mshahara wa mpishi, bei ya mayai na mboga, na ujira wa mwongozaji wa mahali. Kwa sababu hiyo, kumtumia mwongozaji wa kila msitu, badala ya kumtegemea mmoja anayesafiri na kundi kutoka Kampala, ni jambo la haki na pia la faida: yule wa mahali ndiye ajuaye mkuyu upi umezaa.

Kijiji cha Bigodi, pembeni mwa Kibale, hutajwa mara nyingi kama mfano. Mwaka 1992 wanakijiji waliunda chama kiitwacho KAFRED na kuanza kukihifadhi kinamasi cha Magombe, ambacho kipo nje ya hifadhi, katikati ya mashamba yao. Wageni hulipia matembezi ya saa chache wakiongozwa na vijana wa hapo, na humo huonekana shorobo wakubwa wa buluu pamoja na aina kadhaa za nyani. Mapato yalisaidia kuanzisha shule ya sekondari ya kijiji. Tofauti na hifadhi ya taifa, hapa anayeamua fedha itumike vipi ni mwanakijiji mwenyewe katika mkutano wake.

Kazi hii ya uongozaji ilikuwa ya wanaume kwa muda mrefu. Katika miaka ya 2010 wanawake wa Uganda waliunda klabu yao ya watazamaji wa ndege, wakafundishana majina na milio, na wengine wakawa waongozaji wa kulipwa. Katika vijiji ambako msichana anayezurura msituni na darubini angeshangaliwa, mabadiliko hayo si madogo.

Wapo lakini waliopoteza zaidi ya walichopata. Wabatwa, waliokuwa wakiwinda na kurina asali katika misitu ya kusini-magharibi tangu zamani, waliondolewa Bwindi hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991, na wengi waliachwa bila ardhi. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubaliana na madai yao kwamba waliondolewa katika ardhi ya jadi bila fidia ya kutosha. Kwa watu hao, msitu ambao mgeni hulipa ili auone ni nyumbani walikozuiwa kuingia. Maarifa yao ya milio, matunda na nyayo ndiyo yaleyale ambayo utalii wa leo unayauza, na swali la nafasi yao katika kazi hii bado halijapata jibu la kuridhisha.

Wageni wasipokuja

Utegemezi wa wageni una hatari yake, na Uganda iliiona waziwazi. Mwezi Machi 2020, kutokana na janga la virusi vya korona, mipaka ilifungwa. Waongozaji walirudi mashambani, hoteli ndogo zilifungwa, na watu waliokuwa wakiuza mboga na vinyago wakabaki bila soko. Uwindaji haramu ukaongezeka. Mwezi Juni mwaka huo, Rafiki, dume kiongozi wa familia mojawapo ya gorila wa Bwindi, aliuawa kwa mkuki. Mtu aliyekamatwa alisema alikuwa akiwinda wanyama wadogo na kwamba gorila ndiye aliyemshambulia. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 11. Mitego inayowekwa kwa ajili ya paa na nguruwe pori haichagui: hunasa pia ndege wa ardhini kama kwale na kanga.

Usalama ni kitisho kingine. Oktoba 2023 watalii wawili na mwongozaji wao, raia wa Uganda, waliuawa katika hifadhi ya Queen Elizabeth, magharibi mwa nchi. Shambulio la dakika chache lilitosha kuwafanya wengi nchi za nje waahirishe safari, hata zile za misitu iliyo mbali na hapo. Wanaoumia kwanza katika hali kama hiyo ni waongozaji na wapagazi wasio na akiba.

Kwa hiyo wanaosimamia misitu hawawezi kuegemea mguu mmoja. Panapokuwapo pia ufugaji wa nyuki, kahawa inayopandwa chini ya vivuli, na kuni kutoka mashamba ya miti, mwaka usio na wageni hauwi mwaka wa mtego na msumeno.

Misitu ndugu ng'ambo ya mpaka

Mambo ya Bwindi hayawahusu Waganda peke yao. Msitu huo ni sehemu ya ukanda wa milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, unaoendelea hadi Nyungwe nchini Rwanda, Kibira nchini Burundi na milima ya mashariki mwa Kongo. Nyungwe na Kibira ni msitu mmoja uliogawanywa na mpaka. Ndege wengi wa ukanda huu hawapatikani mahali pengine popote duniani, na kwa kuwa hawaishi bondeni, kila msitu wa mlimani ni kama kisiwa kwao. Kisiwa kimoja kikifyekwa, ndege wake hawana pa kukimbilia kwa sababu kati yake na kisiwa kingine ni mashamba, vijiji na barabara.

Rwanda imeufungua msitu wa Nyungwe kwa watembeaji kwa njia nyingi za miguu na daraja la kuning'inia juu ya vilele vya miti, na mwaka 2023 msitu huo uliingia katika Urithi wa Dunia. Kibira, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1980, bado hupata wageni wachache mno, huku miti yake ikiendelea kukatwa kwa kuni, makaa na mashamba. Milio inayosikika upande mmoja husikika pia upande wa pili.

Uzoefu wa Uganda unawapa majirani hao mambo ya kuiga na ya kuepuka. Kijana wa kijijini aliyefunzwa vizuri ni rasilimali ya kudumu kuliko jengo la mapokezi. Kikomo cha idadi ya watu njiani ni rahisi kukiweka kabla wageni hawajafurika kuliko baada. Na mapato yanapaswa kugawanywa kwa namna ambayo jirani wa msitu anaweza kuyahesabu kwa vidole vyake, kabla hajaombwa kuulinda. Pasipo hilo, mkulima aliyepoteza shamba lake kwa tembo hatakuwa na sababu ya kumwambia mpasua mbao auache mti wenye tundu la hondohondo.